Droni Inapinduka Ikinyanyuka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Umeiweka droni chini, umewasha mota, umesukuma kijiti cha rimoti juu, na badala ya kupaa imelala ubavu huku mapanga yakichimba mchanga. Umeinyanyua, umeifuta, umejaribu tena, imerudia vile vile. Ombi langu kabla ya yote: usijaribu mara ya tatu. Kila ikipinduka, ncha za mapanga zinalika, mchanga unaingia kwenye mota, na gimbali inayoshikilia kamera inapigwa chini. Gimbali ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote na ndiyo ghali. Watu wengi wanaobadilisha gimbali walianza na tatizo la skrubu mbili.

Nimewaandikia hasa wapigapicha wa Bagamoyo, wanaorusha ufukweni, kwenye nyasi za magofu ya Kaole na kwenye viwanja vya harusi. Aliye Tanga au Pangani mwongozo huu utamfaa pia, maana mchanga, chumvi na upepo wa pwani havina tofauti. Jambo moja nataka ulishike hadi mwisho: upande ambao droni inauangukia ndio ushahidi wako. Ukiutazama huo kwanza, mara nyingi kazi inaisha kwa bisibisi na dakika chache. Usipoutazama, utapanda basi kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kilomita 75 hivi kutoka Bagamoyo, kununua mota ambayo huihitaji.

Kwa nini droni inapinduka

Droni ya kawaida ya kamera ina mota 4. Mbili zilizo kona kwa kona huzunguka kufuata mshale wa saa, na mbili nyingine huzunguka kinyume, ili mwili wa droni usizunguke wenyewe angani. Ukiitazama kutoka juu, kamera ikiwa imeelekea mbele yako, kwenye droni za kampuni ya DJI mota ya mbele kushoto na ya nyuma kulia hufuata saa. Ya mbele kulia na ya nyuma kushoto huenda kinyume.

Kila mota inataka panga lililochongwa kwa mwelekeo wake. Panga la kufuata saa ukilifunga kwenye mota inayokwenda kinyume, litazunguka bila shida na mlio utausikia, lakini hewa litaisukuma juu badala ya chini. Kona hiyo inavutwa ardhini wakati kona 3 zinanyanyuka. Ni sawa na watu 4 waliobeba kitanda, kila mmoja na kona yake, halafu mmoja akaanza kukivuta chini: kitanda kitamwangukia yeye, na wenzake wakizidisha nguvu ndivyo kinavyopinduka upesi.

Kuna jambo baya zaidi hapo. Ubongo wa droni unahisi kuwa kona moja inashuka, na kazi yake ni kuinyanyua, kwa hiyo unaiamuru mota ya kona hiyo izunguke kwa kasi zaidi. Kwa kuwa panga lake linasukuma kinyume, kona inazidi kuvutwa chini, na ubongo unazidi kuongeza. Ndiyo maana mpinduko wa aina hii hauchukui hata sekunde, na ndiyo maana hakuna ufundi wa vidole unaoweza kuuokoa. Usijilaumu kwamba ulichelewa kurekebisha kwa kijiti.

Kwanza, zima kila kitu

Droni ikiwa imelala na mota bado zinazunguka, vuta kijiti cha kupandisha hadi chini kabisa na ukishikilie hapo mpaka zisimame. Usiikimbilie kuishika. Mapanga madogo ya plastiki huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na hukata vidole vizuri sana. Zikishasimama, zima droni, chomoa betri, halafu ndipo uiguse.

Watoto wa ufukweni hupenda kusogea karibu kuona kilichotokea. Waambie warudi nyuma kabla hujawasha chochote tena, na majaribio yote yanayofuata yafanyie mahali ambapo hakuna mtu. Soko la samaki si mahali pa kujaribia droni yenye hitilafu. Vibali navyo, vya mamlaka ya usafiri wa anga TCAA na vingine vinavyotakiwa, viwe tayari kabla hujatoka nyumbani. Kutengeneza hakukupi ruhusa ya kurusha.

Tazama ilikoangukia

Kaa chini ukumbuke, au utafute video. Kama ilikuwa harusini, karibu kila mgeni alikuwa na simu mkononi. Omba mmoja akutumie alichorekodi na ukitazame polepole. Unatafuta majibu ya maswali mawili: iliangukia wapi, na kwa kasi gani?

Ikiwa kila mara inaangukia kona ile ile, kwa ghafla, basi panga au mota ya kona hiyo ndiyo yenye tatizo. Ikiangukia upande mzima, tuseme kushoto, elewa kwamba mapanga mawili ya upande huo yamebadilishana nafasi: la mbele limekwenda nyuma na la nyuma limekuja mbele. Ikipiga pua mbele, yaliyobadilishana ni mapanga mawili ya mbele. Ikiwa inanguruma kwa nguvu zote lakini hainyanyuki kabisa, kana kwamba imegandamizwa ardhini, mapanga yote 4 yamefungwa kinyume.

Ikiwa inanyanyuka kidogo, halafu inaegemea na kuburuzika pole pole kuelekea upande mmoja, mapanga huenda hayana kosa. Soma sehemu za ardhi, upepo na usawazishaji. Na ikiwa leo imeangukia kulia, kesho mbele, keshokutwa kushoto, usifungue droni. Chunguza mahali unaporushia.

Dira haihusiki hapa. Nalisema hili kwa sababu ushauri wa kwanza utakaoupata kwa watu ni kuzungusha droni hewani ili kusawazisha dira. Dira yenye matatizo huifanya droni izunguke kwa duara ikiwa angani au ikatae kutulia sehemu moja. Haiipindui ikiwa bado iko chini.

Mapanga

Hapa ndipo utakaa kwa muda mrefu, na ndipo penye majibu mengi kuliko kwingine.

Chukua droni iliyozimwa, iweke mezani kwenye mwanga mzuri, kamera ikitazama mbele. Tazama kitovu cha kila panga. Droni za DJI huwa na alama, kama duara au mstari wa rangi, kwenye mapanga mawili kati ya 4, na alama ya kufanana nayo kwenye mota au mkono wa droni. Sheria ni rahisi: panga lenye alama liende kwenye mota yenye alama, lisilo na alama liende kwenye isiyo na alama. Droni za bei nafuu huandikwa herufi A na B karibu na kitovu. Herufi zinazofanana zikae kona kwa kona, na droni yenyewe mara nyingi ina herufi hizo kwenye mikono.

Alama zikiwa zimefutika kwa jua na mchanga, tumia umbo lenyewe. Lishike panga usawa wa macho. Utaona ukingo mmoja umeinuka na mwingine umeshuka. Ukingo ulioinuka ndio unaotakiwa kutangulia kukata hewa mota inapozunguka. Simamia kona ya mbele kushoto, ambapo mota hufuata saa: je, ukingo ulioinuka ndio unaotangulia? Kama sivyo, umeshapata jibu. Hakikisha pia kwamba panga halijafungwa kichwa chini. Maandishi, yakiwepo, hutazama juu.

Droni ndogo za gramu 249, kama DJI Mini 2 na Mini 3, zina uangalifu wake. Mapanga yake hufungwa kwa skrubu ndogo sana, na kila mota ina mapanga mawili yaliyokunjika. Ukibadilisha moja, badilisha na mwenzake wa mota hiyo hiyo, kwa sababu jipya na lililochakaa hayalingani uzito na mota itatetemeka. Skrubu zikazwe barabara lakini panga liweze kujikunja na kujikunjua kwa wepesi. Likiwa gumu halitajinyoosha vizuri linapoanza kuzunguka. Tumia bisibisi ndogo iliyokuja na droni au inayolingana nayo kabisa. Bisibisi ya fundi simu isiyoenea sawasawa huila skrubu kichwa, na kuitoa hapo baadaye ni kazi kubwa. Fungua mota moja, ifunge, ndipo uende nyingine. Anayefungua zote 4 kwa pamoja na kuzirundika mezani ndiye anayezichanganya.

Tahadhari ya dukani: mapanga ya ziada huuzwa kwa pakiti, na pakiti nyingine zina mapanga ya aina moja tu. Ukiyafunga hayo kwenye mota zote, kona mbili zitanyanyua na mbili zitavuta chini, na droni itatikisika na kulala popote. Kabla hujalipa, yapange mezani uone kwamba nusu zimepinda huku na nusu kule.

Mwisho pitisha kucha kwenye kingo za kila panga. Kidonda kidogo ambacho macho hayakioni, kucha itakinasa. Panga lenye ufa au lililopinda ncha lisirudi kwenye droni, hata kama lina nafuu kiasi gani.

Mikono ya droni

Hii ni fupi lakini imewapata wengi. Droni za kukunja zina mikono inayotakiwa kufunguka hadi mwisho na kutoa mlio wa kubana. Mkono uliokwama kwa mchanga kwenye bawaba utabaki umefunguka robo tatu, na mota yake itasukuma hewa kwa pembe isiyo yake. Fungua kila mkono, utingishe, linganisha kushoto na kulia. Angalia pia kama gundi ya kava au plastiki ya kusafirishia haijabaki chini yake.

Mota na mchanga

Mapanga yakiwa sawa na kona ile ile bado inaanguka, nenda kwenye mota. Betri ikiwa nje, zungusha kila mota kwa kidole, taratibu. Mota nzima ina mikato laini inayolingana, tik tik tik, kwa sababu ya sumaku zilizo ndani. Yenye mchanga inakwaruza. Wakati mwingine utaisikia kabla ya kuigusa kwa kidole: isogeze sikioni, uizungushe, usikilize msago. Linganisha na zile 3. Hata asiye fundi ataitambua iliyo tofauti.

Mchanga wa pwani ni mkorofi kwa sababu kati ya chembe nyeupe zimo chembe nyeusi zenye chuma, na sumaku za mota huzivuta na kuzishikilia. Kupuliza tu hakuziondoi. Toa panga, tumia brashi laini na kipulizio cha mkono kile cha kusafishia lenzi, halafu zile nyeusi zing'oe kwa kipande cha selotepu ulichokikunja kikawa chembamba, gundi ikitazama nje. Rudia mpaka selotepu itoke safi. Usipeleke droni gereji kupulizwa kwa kompresa. Hewa yake huusukuma mchanga hadi kwenye beringi na hubeba maji na mafuta. Wala usitie mafuta ya cherehani. Yatanasa mchanga zaidi safari ijayo.

Baada ya kusafisha, ikiwa droni yako inakubali kuwasha mota bila mapanga, yatoe yote, iwashe, ziache zizunguke polepole kwa nusu dakika. Tazama kichwa cha kila mota kwa ubavu: kinachoyumba kina mhimili uliopinda, na mhimili uliopinda haunyooshwi. Zima, kisha gusa. Mota moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, au ikichelewa kuanza, au ikishtuka shtuka, inakufa au kidhibiti chake cha umeme kimeharibika. Hapo ndipo safari ya Kariakoo inapokuwa na maana, na uende na jina kamili la toleo la droni yako, kwa sababu mota za matoleo mawili zinaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane.

Mahali unaporushia

Droni inapowashwa, sensa zake hutumia sekunde chache za mwanzo kujipima zikiwa zimetulia. Ukiiwasha huku umeishika mkononi unatembea, au ukiwa ndani ya ngalawa inayoyumba, inajipima vibaya na inaanza safari ikiwa na picha ya uongo ya mlalo wake. Wanaotaka kupiga picha za wavuvi wakiwa baharini hukutana na hili sana. Ushauri wangu kwa ambaye bado anajifunza ni kurushia nchi kavu na kuifuata ngalawa kwa angani, na kutua nchi kavu.

Kwenye mchanga laini, mguu mmoja huzama. Droni inaegemea, ubongo unajaribu kuinyoosha wakati haina pa kwenda, nguvu inarundikana upande mmoja, na siku utakaposita kupandisha, inajipindua yenyewe. Nyasi ndefu hushika mapanga. Paa la gari lina mteremko na chuma. Beba kipande cha plaiwudi cha nusu mita kwa nusu mita. Kinaingia nyuma ya pikipiki, hakipeperuki kama mkeka, na kinazuia mchanga kurushwa juu na mapanga. Kipandishe juu ya mchanga mgumu na ukiwekee pima maji ya fundi mwashi. Kwa kitu cha bei ndogo hivyo, sijaona kinachookoa droni nyingi zaidi pwani.

Upepo nao una saa zake. Droni ndogo hutengenezwa kuvumilia upepo wa mita 10 hivi kwa sekunde zikiwa angani, lakini wakati wa kunyanyuka, zikiwa sentimita chache kutoka ardhini, hata upepo mdogo kuliko huo unaoingia chini ya ubavu unatosha kuzilaza. Msimu wa kusi, jaribu mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, kabla upepo wa bahari haujapanda. Usisimame nyuma ya ukuta wa Ngome Kongwe ukidhani umejikinga. Upepo unaovuka ukuta hujikunja na kupiga kutoka juu na kutoka pembeni kwa zamu. Uwanja wazi wenye upepo wa upande mmoja ni salama zaidi. Ielekeze pua ya droni kwenye upepo kabla ya kunyanyua.

Kusawazisha sensa na vijiti

Droni ikiwa imeanguka kwa nguvu, au imekaa muda mrefu ndani ya gari lenye joto, sensa ya mlalo huhama. Kwenye DJI, fungua programu ya simu, ingia kwenye mipangilio, sehemu iliyoandikwa Safety, tafuta IMU, ndiyo hiyo sensa ya mlalo, na uanze kusawazisha. Fanya hivyo ndani ya nyumba, droni ikiwa imepoa, betri imejaa vya kutosha, juu ya meza uliyoipima kwa pima maji pande zote mbili. Programu itakuambia uigeuze namna gani. Kila ikikuambia uigeuze, igeuze, kisha uiache bila kuigusa wala kuegemea meza. Sakafu nyingi za nyumba zetu zina mteremko wa maji, usiziamini.

Vijiti vya rimoti navyo hukaliwa na mchanga. Kijiti cha kulia kikiwa hakirudi katikati, droni inapokea amri ya kuegemea hata kabla haijanyanyuka. Kizungushe, kiachie, uone kama kinarudi chenyewe. Kisha sawazisha rimoti kwenye mipangilio. Njia nzuri ya kutofautisha kosa la mkono na kosa la mashine ni kutumia kitufe cha kupaa chenyewe: droni nyingi za DJI hupanda hadi mita 1.2 na kutulia hapo. Ikipaa vizuri kwa kitufe na kupinduka kwa vijiti, tatizo liko kwenye rimoti au vidole.

Kwa waliounda droni wenyewe

Ninyi mna mambo matatu zaidi, na yote yapimwe mapanga yakiwa yametolewa. La kwanza, ubao wa ubongo una mshale; mshale utazame mbele, au programu iambiwe umegeuzwa nyuzi ngapi. Kwenye Betaflight, programu ya kupangia ubongo wa droni za kujiundia, inamisha droni mbele kwa mkono uone kama picha ya kwenye kompyuta nayo inainama mbele. La pili, kwenye ukurasa wa mota, washa moja moja uhakikishe namba 1 ni ya nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 mbele kushoto. La tatu, mwelekeo: gusisha ncha ya karatasi laini kwenye mota inayozunguka uone inavutwa wapi. Iliyo kinyume, badilisha nafasi waya zake wowote wawili kati ya 3, au igeuze kwa programu. Ukichagua mpangilio wa kuzungusha mapanga kwa nje, yaani kinyume na mwelekeo nilioueleza mwanzoni kwa kila mota, mapanga na mipangilio vyote viseme hivyo hivyo, la sivyo droni itazunguka kama pia mara tu ikiachana na ardhi.

Jaribio la kwanza baada ya matengenezo

Weka plaiwudi, ipime, weka droni, washa, usiiguse mpaka programu iseme iko tayari. Simama mita 5 nyuma yake. Washa mota, ziache zizunguke kwa kasi ya chini sekunde 10, usikilize. Kisha pandisha kijiti kwa mwendo mmoja usiosita hadi droni ifike usawa wa kiuno chako. Wanaoogopa hupandisha kidogo kidogo, na droni inabaki ikiparaza ardhi, mahali ambapo hewa yake yenyewe inaigonga na kuitikisa. Ama ipande, ama ibaki chini.

Ikitulia, ipe nusu dakika bila kugusa kijiti cha kulia. Ishushe, zima, chomoa betri, gusa mota zote 4 moja baada ya nyingine. Zikilingana joto, rudi kazini. Ikiwa moja bado inazidi wenzake, usiipeleke baharini hata kama imepaa vizuri; ipe fundi, na umwambie ni kona ipi na ilikuwa ikiangukia upande gani.